Chagua Kihariri Unachoweza Kukihama

Anayeanza kazi ya kutengeneza tovuti hachelewi kukutana na ubishi wa vihariri, yaani programu za kuandikia msimbo. Huyu anaisifu Visual Studio Code, yule hasikii wala haoni isipokuwa Vim, na kila upande unahesabu ubora kwa wepesi, sura na wingi wa programu-jalizi. Kipimo kizito kuliko vyote husahauliwa: siku kihariri hicho kikiachwa na waliokitengeneza, wewe utaondoka na nini?

Siku hiyo huwafika wengi. Adobe ilitengeneza Brackets mahususi kwa kazi za tovuti, kisha ikaacha kuihudumia Septemba 2021. GitHub ilitoa Atom mwaka 2014. Mwaka 2018 Microsoft, iliyokuwa tayari na Visual Studio Code, ikainunua GitHub, na Desemba 2022 Atom ikafungwa. Vyote viwili vilikuwa vya bure, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote. Hata hivyo, kazi za watumiaji hazikupotea, kwa kuwa HTML, CSS na JavaScript ni maandishi matupu yanayofunguka popote. Aliyeumia ni yule aliyekiachia kihariri mambo yasiyokihusu: kanuni za kupanga msimbo, au kupandisha tovuti kwenye seva kwa kitufe ambacho hajui kinafanya nini. Mambo hayo yakae ndani ya mradi wenyewe, kwa faili la EditorConfig na programu ya Prettier, vinavyoshika kanuni za kupanga msimbo, na kwa Git, inayotunza historia ya mabadiliko, ili yahame pamoja nao.

Wapo watakaosema Visual Studio Code ni kubwa mno kuachwa, maana katika utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2024 takriban robo tatu ya waliojibu walisema wanaitumia. Wingi huo ni sababu nzuri ya kuanza nayo: haiuzwi, na mafunzo yake yamejaa kila mahali. Lakini wingi si dhamana. Dreamweaver, kihariri kingine cha tovuti, nayo iliwahi kutamba. Tena Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron, hivyo hubeba ndani yake injini nzima ya kivinjari, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 huhisi uzito huo. Kwa mashine kama hiyo, Sublime Text au Notepad++ ni nyepesi zaidi. Hata ule msaada wa kukamilisha maneno na kuonyesha makosa si mali ya kihariri kimoja tena: tangu 2016 upo utaratibu wa wazi, Language Server Protocol, unaoviwezesha vihariri vingi kutumia chanzo kimoja cha maarifa ya lugha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ushauri huu ni kwamba anayewaza kuhama hatabobea popote. Ni kweli ubobezi una thamani, ila unategemea umebobea katika nini. Amri za kihariri cha vi, zilizoanza mwaka 1976, bado zinafanya kazi katika Vim, na kwa programu-jalizi hata katika Visual Studio Code. Aliyezijifunza hakupata hasara. Basi kabla ya kuamua, fungua mradi wako katika kihariri kingine, ubadilishe ukurasa mmoja, uukague na kuupandisha kwenye seva. Ukikwama, kilichokukwamisha ndicho cha kujifunza kwanza, kabla ya kutafuta kihariri kipya.