Jeshi Likihitaji Ardhi ya Mtu: Haki ni Ipi, na Hisani ni Ipi?

Hakuna shauri liwaumizalo watu moyo kama shauri la ardhi. Mtu akipoteza fedha aweza kufanya kazi akapata nyingine, lakini shamba alimozikwa babu yake halinunuliwi dukani. Hata hivyo kila nchi yenye majeshi huhitaji mahali pa kambi, pa viwanja vya ndege na pa kujifunzia shabaha, na mara nyingi mahali hapo huwa tayari ni mali ya mtu. Ndipo maswali huzuka. Je, Serikali yaweza kuitwaa ardhi hiyo mwenyewe asipotaka? Ikiitwaa, ni lazima ilipe? Na jeshi likiisha kuondoka, ardhi ni ya nani?

Wengi hujibu kwa methali, "Mwenye nguvu mpishe," wakadhani maneno yamekwisha. Lakini hayakwisha. Katika makala hii tutaeleza mambo mawili yaliyotokea Uingereza, la kwanza la hoteli na la pili la shamba. Tumeyachagua kwa sababu sheria za Kenya zilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi wa sheria za Kiingereza, tena kwa sababu yanaonyesha wazi tofauti ya vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, yaani haki na hisani. Haki ni kitu unachoweza kukidai mbele ya jaji. Hisani ni kitu upewacho kwa wema wa mpaji, naye akikataa kukupa, jaji hana la kukusaidia.

HOTELI ILIYOTWALIWA WAKATI WA VITA

Katika mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Jeshi la Ndege la Uingereza lilikuwa likikua upesi, nalo lilihitaji nafasi kwa maofisi ya makao yake makuu mjini London. Karibu na mto Thames palikuwa na hoteli kubwa iliyoitwa De Keyser's Royal Hotel. Biashara ya hoteli hiyo ilikuwa imeharibika, na mali yake ilikuwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa kwa ajili ya wadai. Kwanza maofisa wa Serikali walizungumza naye ili waikodi nyumba, lakini hawakupatana juu ya kodi. Basi mwezi wa Mei 1916 wakaitwaa, wakisema kwamba wanafanya hivyo kwa nguvu ya kanuni za ulinzi zilizowekwa kwa ajili ya vita.

Msimamizi yule hakugombana na askari, wala hakufunga milango. Aliitoa nyumba, lakini alieleza wazi kwamba anaitoa kwa kuwa ameamriwa, na kwamba haachi madai yake ya kulipwa. Neno hilo dogo lilikuwa na faida kubwa baadaye, kwa maana hakuna aliyeweza kusema kwamba aliitoa kwa ridhaa yake.

Serikali haikukataa kumpa chochote. Ilisema kwamba iko tayari kumpa kitu kwa hisani, baada ya hasara yake kukadiriwa na tume iliyowekwa kwa kazi hiyo. Msimamizi hakutaka hisani, alitaka haki. Shauri likaenda mahakamani.

Mawakili wa Serikali walitoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu kale Mfalme alikuwa na mamlaka ya kutwaa mali ya raia kwa kuilinda nchi wakati wa hatari, bila kuwa na deni kwa mtu. Ya pili ni kwamba kanuni za vita ziliwapa maofisa ruhusa ya kuingia katika nyumba au shamba lolote lililohitajiwa. Mawakili wa hoteli walijibu kwamba tangu mwaka 1842 ilikuwako Sheria ya Ulinzi, iliyotungwa na Bunge, nayo ilieleza jinsi Serikali itakavyotwaa ardhi kwa kazi ya jeshi na jinsi mwenyewe atakavyolipwa. Tena vitabu vya zamani vya Serikali vilipekuliwa, ikaonekana kwamba desturi ya miaka mingi ilikuwa ni kulipa.

Jaji wa kwanza aliikubalia Serikali. Katika mwaka 1919 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Serikali nayo ikakata rufani mbele ya Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa ndilo mahakama ya juu kuliko zote katika nchi. Tarehe 10 Mei 1920 malodi watano waliolisikiliza shauri walikubaliana wote: Serikali ilikuwa na uwezo wa kuitwaa hoteli, lakini ni lazima ilipe fidia.

Maana ya hukumu hiyo si ngumu. Fikiri kijiji ambacho zamani mzee wa kijiji aliweza kuchukua mbuzi wa mtu yeyote kwa karamu ya wageni. Siku moja kijiji kikakutana, kikaandika kwamba tangu sasa kila mbuzi atakayechukuliwa atalipiwa. Baada ya siku hiyo mzee hawezi kusema, "Mbuzi huyu namchukua kwa desturi ya kale, kwa hiyo silipi." Ndivyo walivyosema malodi. Bunge likiisha kutunga sheria juu ya jambo, Serikali haiwezi kuiweka sheria kando na kurudia mamlaka ya kale kwa sababu mamlaka ya kale hayana malipo. Kwa hiyo wenye hoteli walipata malipo kama haki yao, wala si kama zawadi.

SHAMBA LA CRICHEL DOWN

Jambo la pili lilikwenda njia nyingine, kwa maana hapo mwenye kudai hakuwa na sheria ya kushika mkononi.

Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, mna mahali paitwapo Crichel Down. Mnamo mwaka 1938, vita ilipokuwa ikikaribia, Wizara ya Mambo ya Ndege ilinunua kwa lazima eka 725 mahali hapo, ili marubani wajifunze kuangusha mabomu. Bei ilikuwa pauni 12,006. Eka 328 kati ya hizo zilikuwa za Lodi Alington. Yeye mwenyewe alikufa katika mwaka 1940 akiwa katika utumishi wa jeshi, akamwacha mtoto mmoja tu, msichana wa miaka 11.

Katika mwaka 1941 Waziri Mkuu, Winston Churchill, aliliahidi Bunge kwamba ardhi ya namna hiyo itarudishwa kwa wenyewe haja ya vita itakapokwisha. Watu wengi walitulizwa na maneno hayo, kwa kuwa ahadi ni deni.

Vita ikaisha, na Wizara ya Mambo ya Ndege haikuihitaji ardhi tena. Lakini haikurudishwa. Ilipewa Wizara ya Kilimo, na bei yake sasa ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Yafaa tuseme kwamba maofisa wa kilimo hawakuwa na nia mbaya. Miaka ile chakula kilikuwa haba Uingereza, hata watu waligawiwa kwa vipimo mpaka mwaka 1954. Maofisa waliona ni afadhali eka zote zijengewe nyumba na mazizi, zikae kama shamba moja kubwa, na kupangishwa kwa mkulima mmoja.

Yule msichana alikuwa amekua, ameolewa na Kamanda Marten, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini. Kamanda Marten aliomba kuinunua tena ardhi hiyo. Hakuomba bure, alikuwa tayari kulipa. Akakataliwa. Wakulima wengine wa jirani waliokuwa wameahidiwa kwamba watapata nafasi ya kuomba kuipanga, hawakupewa nafasi hiyo. Tena taarifa moja juu ya ardhi iliandikwa kwa siri, bila wenyewe wa zamani kuulizwa, na taarifa hiyo ilikuwa na makosa. Wakubwa waliamua mambo kwa kuitegemea.

Je, Kamanda Marten angeweza kwenda mahakamani kama wale wa hoteli? Hapana. Ardhi ilikuwa imenunuliwa kwa sheria, na bei ilikuwa imelipwa. Ahadi ya Waziri Mkuu ilikuwa ni maneno yaliyonenwa Bungeni, wala haikuandikwa katika sheria. Jaji hawezi kuishurutisha Serikali kutimiza maneno ya namna hiyo. Mbele ya sheria, kurudishiwa ardhi kulikuwa ni hisani tu.

Kwa hiyo alishika njia ya pili. Alimwandikia mjumbe wake wa Bunge, alikusanya majirani, akaomba mambo yachunguzwe hadharani. Hatimaye Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, alikubali. Mwezi wa Aprili 1954 wakili mkubwa, Sir Andrew Clark, alisikiliza ushahidi katika mji wa Blandford mbele ya watu wote. Taarifa yake ilitolewa mwezi wa Juni. Alisema kwamba hakuona rushwa wala wizi, lakini aliwalaumu vikali maofisa kadha wa kadha kwa jinsi walivyowatendea raia. Tarehe 20 Julai 1954 Sir Thomas Dugdale alisimama Bungeni akajiuzulu, akisema kwamba Waziri ndiye mwenye kujibu kwa makosa ya watu wake. Miaka mingi baadaye, hati za Serikali zilipofunguliwa, waandishi wengine walionyesha kwamba Waziri alijua zaidi ya ilivyodhaniwa, na kwamba lawama walizobebeshwa maofisa zilipita kiasi.

Kamanda Marten aliuziwa ardhi. Serikali ikatangaza kanuni mpya, zinazojulikana mpaka leo kwa jina la Crichel Down, kwamba ardhi ya kilimo iliyotwaliwa kwa lazima, isipohitajiwa tena, kwa kawaida mwenyewe wa zamani apewe nafasi ya kwanza ya kuinunua kwa bei ya siku hiyo. Tena tume iliyoongozwa na Sir Oliver Franks ilichunguza jinsi raia wanavyosikilizwa na mabaraza ya Serikali, na katika mwaka 1958 Bunge likatunga sheria juu ya mabaraza na uchunguzi wa namna hiyo. Lakini kanuni za Crichel Down zenyewe ni maagizo ya Serikali kwa maofisi yake, si sheria ya Bunge. Basi hata baada ya ushindi ule mkubwa, sehemu ya hisani ilibaki.

MAMBO YA KENYA

Sasa tuitazame sheria ya kwetu kwa macho hayo mawili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yasema kwamba Serikali haiwezi kumnyang'anya mtu ardhi yake isipokuwa kwa faida ya umma na kwa kufuata sheria. Yataka alipwe upesi, malipo kamili ya haki, na yampa ruhusa ya kwenda mahakamani. Hayo yote ni haki. Kazi ya jeshi haikuondolewa katika sharti la malipo.

Lakini kifungu hicho hicho chasema kwamba malipo yaweza kuwekwa kwa ajili ya watu wakaao juu ya ardhi kwa nia njema bila hati. Msomaji aliangalie neno "yaweza". Vivyo hivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba kazi iliyosababisha ardhi kutwaliwa ikikoma, Tume ya Taifa ya Ardhi yaweza kumpa mwenyewe wa zamani, au warithi wake, nafasi ya kwanza ya kuipata tena, akiisha kurudisha fidia yote aliyolipwa. Hapo pia neno ni "yaweza", si "ni lazima". Hilo ndilo fundisho la Crichel Down lililoingia katika kitabu chetu, pamoja na ule upungufu wake.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba ardhi yake yatakiwa, afanye kama alivyofanya msimamizi wa hoteli. Asipigane, wala asinyamaze. Aulize ni kwa kazi gani na kwa sheria gani. Atazame tangazo katika Gazeti la Serikali. Ajue kwamba siku ya kusikilizwa madai ya fidia huwekwa si chini ya siku 30 baada ya tangazo hilo, naye apeleke madai yake kwa maandishi kabla ya wakati kupita. Aweke hati, ramani na nakala ya kila barua, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na asiye na hati asikae akingoja siku ya kutwaliwa. Atafute ushauri wa sheria mapema, kwani yeye ndiye aliye karibu zaidi na hisani na mbali zaidi na haki.

Tena akiahidiwa jambo kwa mdomo, hata na mkubwa wa namna gani, aombe ahadi hiyo iandikwe. Mtoto wa Lodi Alington aliahidiwa na Waziri Mkuu mwenyewe, mbele ya Bunge zima, akiwa bado msichana mdogo. Alikuwa ameolewa na kuwa mtu mzima kabla ahadi ile haijatimizwa.