Mikarakara: Mche na kisu ndivyo huamua umri wa shamba

MKULIMA wa viungani mwa Eldoret aliyechoka kutegemea mahindi, ambayo humletea fedha mara moja tu kwa mwaka, huvutiwa upesi na karakara. Mmea huu utambaao, wenye asili ya Amerika Kusini, huanza kuzaa kati ya miezi 8 na 12 baada ya kupandwa, na shamba lililotunzwa vyema huweza kuvunwa kwa miaka 3 hivi. Si mashamba machache, hata hivyo, hunyauka mapema zaidi.

Karakara ya zambarau ndiyo inayoifaa Eldoret, mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ile ya manjano hupenda joto la nyanda za chini. Lakini mizizi ya zambarau haistahimili kuvu ya fusariamu, ambayo huishi udongoni kwa miaka mingi na kuziba mishipa ipitishayo maji katika mmea. Ndiyo sababu kikonyo cha zambarau hupandikizwa juu ya shina la manjano lenye unene wa penseli. Anunuaye mche atafute kovu la kiungo. Asipoliona, ameuziwa mche wa mbegu. Kiungo hicho kibaki juu ya udongo, la sivyo kikonyo kitaota mizizi yake chenyewe na kinga yote itapotea.

Shina moja huongozwa hadi kwenye waya ulioinuliwa mita 2 hivi, kisha matawi mawili huelekezwa pande tofauti. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo asiyepogoa hupata kichaka cha kupendeza chenye matunda haba. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufumba adhuhuri. Dawa ya wadudu isinyunyizwe saa hizo, kwani nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ndio wanaobeba chavua yake nzito.

Kupogoa nako kuna hatari yake. Virusi vinavyodumaza tunda na kuligeuza ganda kuwa gumu kama ubao huenezwa na vidukari, na pia na utomvu uliosalia kwenye kisu. Havina tiba, hata muuzaji wa dawa aseme nini. Kisu kisafishwe kwa dawa ya kuua viini kabla ya kugusa mmea mwingine, na mmea ulioambukizwa ung'olewe na kuteketezwa, hata ukiwa bado umebeba matunda.