Jino Lenye Mgongo Mmoja

Jiliwa la gereji halichagui kazi. Katika kata ya Issenye, wilayani Serengeti, linaweza kubana jembe la plau asubuhi na ekseli ya pikipiki jioni. Kila likikazwa, parafujo huvutika kuelekea kwenye mpini, na nati iliyojificha nyuma huizuia. Mzigo ni wa upande mmoja, siku zote. Ndiyo maana baadhi ya majiliwa hukatwa hesi ya meno ya msumeno: ubavu mmoja umesimama karibu wima, mwingine umelala.

Hesabu yake ni fupi. Jino la boliti ya kawaida lina mbavu mbili, kila moja imelala digrii 30. Ukiweka kando msuguano, mvuto wa tani 1 hugeuka kuwa msukumo wa kilo 580 hivi unaotanua kuta za nati, na chuma cha kusubu hakipendi kutanuliwa. Ubavu wa wima wa jino la msumeno, wenye digrii 7, husukuma kilo 120 hivi tu. Hesi ya mraba isingetanua kabisa, lakini shina la jino lake ni jembamba. Kwenye jino la msumeno, ubavu wa pili wa digrii 45 hulinenepesha shina. Meno ya namna hii hutumika pia kwenye mabomba ya kukinga kuta za visima vya mafuta na gesi.

Nati ya boliti waweza kuigeuza, ikaingia vilevile. Nati ya meno ya msumeno ukiigeuza, mbavu hazipatani tena. Kwa hiyo kabla ya kunoa kisu cha kukatia hesi hiyo kwenye mashine ya kukereza, fundi ajue mzigo unatoka wapi: kwenye jiliwa la kawaida, ubavu wa wima ndani ya nati ni ule ulioupa mpini kisogo. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi yote ilipo. Kukata ni subira tu.

Subira yenyewe si ndogo. Kisu kinakata ndani ya tundu ambamo jicho halifiki, kikiwa kwenye ncha ya fimbo nyembamba. Urefu wa fimbo ukizidi mara mbili, hupinda mara 8. Unene ukipungua kwa nusu, hupinda mara 16. Kwa hiyo fimbo iwe fupi na nene kadiri tundu linavyoruhusu, na kisu kinolewe chini pia, kisije kikasugua ukuta wa tundu. Mashine ikiwa na parafujo ya inchi na hesi ikitakiwa kwa milimita, inahitajika gia ya meno 127, kwa sababu inchi 5 ni milimita 127 kamili. Hapo fundi asiifungue nati inayoshika parafujo ya mashine hadi amalize. Arudi kwa kugeuza mota.

Tundu likiwa limeziba upande wa ndani, wapo wanaogeuza kisu kichwa chini, wakazungusha mashine kinyume na kukata kutoka ndani kuja nje. Kisu hakigongi mwisho wa tundu. Ila kichwa cha kushikia kazi kikiwa cha kufungwa kwa hesi, kinaweza kufunguka kikakurukia.

Mwisho parafujo hupakwa rangi ya kupimia, huingizwa kwenye nati na kuvutwa kuelekea mpini. Rangi ikihamia kwenye ubavu wa digrii 45 ndani ya nati, nati hiyo haijafaa.