Kauri yenye matundu inavyojaza pengo la mfupa

Daktari akishakwangua uvimbe ndani ya mfupa, au ajali ya pikipiki ikishapondaponda mfupa wa chini ya goti, hubaki pengo ambalo mara nyingine mwili hauwezi kuliziba wenyewe. Dawa iliyozoeleka ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwenye ukingo wa nyonga, na kuupachika penye pengo. Hufanya kazi vizuri, ila mgonjwa huamka na vidonda viwili badala ya kimoja, na nyonga nayo haina mfupa wa kuchotwa kila siku. Ndipo kauri inapoingia.

Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti, ya jamii ya haidroksiapataiti. Unga wa madini hayo hutengenezwa kiwandani bila taabu kubwa. Taabu iko kwenye matundu. Kipande kisicho na matundu hukaa mwilini kama jiwe: mfupa hukishika kwa nje tu. Seli za mfupa na mishipa ya damu vinahitaji njia ya kupenya hadi katikati, na tundu lililo chini ya milimita 0.1 ni finyu mno. Wengi hulenga milimita 0.3 au zaidi. Isitoshe, matundu lazima yafunguane. Tundu lililozibwa pande zote halina faida yoyote, linapunguza nguvu tu.

Njia ya zamani huanza na sponji, ya aina ileile ya magodoro. Huchovywa katika uji mzito wa unga wa kauri, hukamuliwa ili matundu yasizibe, kisha hukaushwa na kuingizwa tanuruni. Moto wa kwanza huenda polepole, kwa sababu sponji ikiungua haraka gesi yake huipasua kauri ambayo bado ni laini. Baadaye joto hupandishwa hadi nyuzi 1,200 au zaidi, chembe za unga zishikane. Kinachobaki ni umbo la sponji lililogeuka kauri, lakini vijiti vyake vina uwazi ndani, pale sponji ilipokuwa. Huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Bahari ilikwisha kuifanya kazi hii kwa ustadi zaidi. Mwaka 1974, Della Roy na Sari Linnehan wa Pennsylvania State University, Marekani, walionyesha kwamba matumbawe yakipashwa moto chini ya mgandamizo ndani ya mmumunyo wa fosfeti, kaboneti yake hugeuka haidroksiapataiti, na matundu hubaki kama yalivyo. Porites, mojawapo ya matumbawe yaliyokuja kutumika hivyo, ndiyo ambayo mafundi wa pwani yetu waliichonga kupamba vibla vya misikiti. Siku hizi mashine huchapa kauri tabaka kwa tabaka, na hakuna haja ya kuvunja miamba.

Haidroksiapataiti hudumu mwilini miaka mingi; trikalsiamu fosfeti, kauri nyingine ya kalsiamu na fosfeti, huyeyuka mapema zaidi na kuuachia mfupa mpya nafasi, hivyo mara nyingi huchanganywa. Zote mbili huvunjika kwa urahisi, na matundu huzidisha tatizo. Kauri hizi hujaza pengo. Uzito hubebwa na vyuma na skrubu. Aliyewekewa asiukanyagie mguu mpaka daktari wake aone picha ya eksirei na kumruhusu.