Je, Wajua? Tone la Kisigino na Mtoto Asiye na Kinga

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza cha kumgundua mtoto aliyezaliwa bila kinga ya mwili hakisomi jeni yoyote? Kinahesabu mabaki. Muuguzi humchoma mtoto kisigino siku chache za mwanzo, hudondosha damu kwenye kadi nene yenye miduara, na ikikauka kadi hupelekwa maabara. Kinachotafutwa ni vijipete vya DNA. Seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na kila moja hukata vipande vya DNA yake ili ijipatie uwezo wa kutambua adui. Vipande hivyo hujikunja vikawa pete, vikabaki ndani ya seli bila kazi yoyote. Damu isipokuwa na pete, mtoto huenda hana seli T. Hapo ndipo jeni zinaposomwa, ijulikane ipi ina kasoro.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza kupima watoto wake wote hivyo mwaka 2008. Kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yanapima. Ugonjwa unaosakwa, SCID, humpata mtoto mmoja kati ya 58,000 hivi nchini humo. Ni nadra, lakini haraka ina faida: katika utafiti mmoja wa Marekani, waliopandikizwa uboho kabla ya kutimiza miezi mitatu na nusu, asilimia 94 walikuwa hai miaka mitano baadaye.

Je, wajua kwamba BCG, ile chanjo iliyowaachia wengi wetu kovu, ina bakteria hai waliodhoofishwa? Kenya na Tanzania hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Mtoto mwenye kinga haimdhuru. Mwenye SCID, bakteria hao wanaweza kusambaa mwilini mwake. Msomaji asije akaficha mtoto kwa sababu hii: kifua kikuu ni hatari kubwa zaidi kwa watoto wetu, na karibu wote BCG inawafaa. Lakini familia iliyopoteza watoto wachanga kwa maambukizi yasiyokwisha, hasa wavulana wa upande wa mama, imwambie mhudumu kabla ya sindano.

Kwa nini wavulana? Aina moja ya SCID hutokana na jeni iitwayo IL2RG, iliyo kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, hana akiba. David Vetter wa Texas, aliyeishi ndani ya vyumba vya plastiki hadi karibu na kifo chake mwaka 1984, alikuwa na aina hii; jeni yenyewe ilitambuliwa 1993. Mama mwenye kasoro hiyo kwenye X moja huwa mzima kabisa, kwani seli zake T zote hutumia ile X nzuri. Wakati mwingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe, mama hanayo. Wanaomnyooshea mama kidole kwenye matanga wangefaa kulijua hilo.

Je, wajua kwamba chanzo cha kwanza cha SCID kiligunduliwa kwa bahati? Mwaka 1972 Eloise Giblett, bingwa wa damu huko Seattle, alikuwa akipima protini za damu zinazotofautiana kati ya watu. Sampuli ya mtoto mmoja mgonjwa haikuonyesha kabisa kimeng'enya cha ADA. Septemba 1990, msichana wa miaka minne mwenye upungufu huohuo akatibiwa kwa jeni huko Maryland.

Na farasi je? Wapo farasi wa Kiarabu wanaobeba SCID. Mtoto wa farasi akirithi kasoro kwa baba na mama, kwa kawaida hafikishi miezi mitano. Kasoro hiyo ilitambuliwa 1997, na wafugaji wakapata kipimo cha jeni zaidi ya miaka kumi kabla Wisconsin haijaanza kupima watoto. Farasi mwenye nakala moja tu haugui wala hachinjwi. Anazaa kama kawaida, ila hapandishwi na mwenzake mwenye kasoro ileile.