Mkunga: samaki ambaye kifaranga wake hutoka baharini

Mkulima wa Chimwaga, Dodoma, anayetaka kufuga perege au kambale huchimba bwawa, hununua vifaranga na kuanza kazi. Lakini akiletewa vifaranga wa mkunga, ni vyema aulize kwanza wamevuliwa wapi, kwa sababu samaki huyo hazaliani bwawani.

Mkunga wa mtoni ana umbo kama la nyoka. Hana sharubu kama kambale, na pezi lake la mgongoni limeungana na la mkia na la tumboni. Katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, ukiwemo Rufiji, huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Akikomaa hushuka hadi baharini, hutaga mara moja tu, kisha hufa.

Utafiti unaonyesha kuwa mazalia ya aina mojawapo ya mkunga wa Afrika Mashariki yako mashariki ya Madagaska. Mtoto wake huwa bapa kama jani, na huchukuliwa na mkondo wa bahari. Akikaribia pwani hubadilika kuwa mwembamba na mwangavu kama kioo, kisha huingia mtoni.

Maji ya bwawa la Mtera, kusini mwa Dodoma, hupita mto Ruaha Mkuu hadi Rufiji. Hata hivyo, mkunga anayepanda kutoka baharini hukutana na kuta tatu. Bwawa la Kidatu lilianza kufua umeme mwaka 1975, la Mtera lilikamilika mwaka 1980, na la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mkunga mdogo hutambaa kwenye mwamba wenye unyevu, lakini ukuta mrefu humshinda. Mkubwa anayeshuka naye huweza kukatwakatwa na mitambo.

Mwaka 2010 watafiti wa Japani walifanikiwa kumzalisha mkunga kizazi hadi kizazi maabara, lakini gharama bado ni kubwa. Ndiyo maana mashamba ya mkunga duniani hutegemea watoto wanaovuliwa kwenye midomo ya mito. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulisimamisha biashara ya kuuza mkunga wake nje, na wanunuzi wa Asia wakageukia kwingine, ikiwemo Madagaska.

Kwa mfugaji mdogo, maana yake ni kwamba kila kifaranga wa mkunga ametolewa mtoni, na hakuna kituo cha kumpatia wengine msimu ujao. Anayeahidiwa faida ya haraka amwone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri yake kabla ya kutoa fedha. Perege na kambale huzalishwa vituoni, hivyo mbegu yao hupatikana tena.

Anayepata mkunga wa kitoweo ampike hadi aive kabisa. Damu yake mbichi ina sumu, ambayo huisha kwa moto.