Mchezo wa Afya Uanzie Uani, Siyo Wodini

Kila inapokaribia Siku ya Wagonjwa Duniani, Februari 11, vijana huniletea daftari wakiomba niwapitishie mchezo wa kuigiza walioutunga. Wana bidii, nami nawasifu. Lakini michezo mingi hufanana: mtu anaugua, anapelekwa kwa mganga, anazidiwa, kisha anatokea muuguzi mwenye sare nyeupe na kuhutubia dakika kumi nzima. Hiyo ni hotuba iliyovishwa kanga. Wazee husinzia, na watoto huanza kurushiana mchanga.

Mchezo wahitaji mtu mwenye haja, na kitu kinachomzuia. Tuseme mnataka kuandika juu ya kina mama wanaokufa kwa uzazi. Msianze na ugonjwa, anzeni na uamuzi. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba kuna kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika penye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mtunzi amekwisha pewa maonyesho matatu: uani, njiani, wodini. Hilo la tatu lisifichwe. Sisi wauguzi hatupendi kuonyeshwa tukimkaripia mzazi, au tukihangaika kutafuta ufunguo wa kabati la dawa, lakini wanakijiji wanajua kwamba hutokea, na mkilificha hawatawaamini hata kwa yale mengine.

Hebu tazameni namna onyesho la kwanza linavyoweza kuanza. Ni usiku. Mtoto amezaliwa salama nyumbani.

MAMA MKWE: Kanga hiyo ni ya ngapi?
WIFI: Ya tatu, mama.
MAMA MKWE: Mimi nimezaa saba humu humu. Damu hutoka, kisha hukata.
WIFI: Hii haikati. Na mikono yake imekuwa ya baridi.
MAMA MKWE: Mwenye ruhusa ni mumewe.
WIFI: Mumewe yuko safarini.
MAMA MKWE: (Anatazama mlango.) Basi ngoja kupambazuke.

Hakuna aliyesema neno "hatari", lakini kila mama aliyeketi pale uwanjani anahesabu zile kanga. Na ana haki ya kuogopa: damu ya nusu lita au zaidi baada ya kujifungua ni jambo la hatari, mwenye upungufu wa damu huzidiwa hata kabla ya hapo, na saa mbili zaweza kutosha kumwua mzazi. Kupambazuka ni mbali mno.

Angalieni pia kwamba huyu mama mkwe si mtu mbaya. Anasema aliyoyaona kwa macho yake, nyumba yake imezaa watoto saba. Mkimchora kama mjinga, kina mama wakwe watainuka na mikeka yao waende zao, na hao ndio tuliowataka wabaki.

Kazi hii si ngeni kwetu. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mtunzi mashuhuri Penina Muhando, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo mkobani. Waliuliza kwanza ni jambo gani linawasumbua, na likatajwa suala la mabinti kupata mimba wakiwa wadogo. Wenyeji wakalitengeneza kwa ngoma na maigizo yao, kisha wakajadiliana. Nanyi, kabla ya kushika kalamu, kaeni kisimani au kwenye foleni ya kliniki, msikilize watu wanavyosema. Maongezi mazuri hayatungwi mezani.

Wengine mtakumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 Radio Tanzania. Mkwaju, yule dereva wa lori, hakuhubiriwa na mtu. Tulimfuata safarini mwake, tukaona mwenyewe anakokwenda.

Sharti moja silegezi. Msichukue kisa cha mgonjwa anayefahamika, hata mkibadili jina lake. Katika kijiji, ng'ombe mmoja na rangi ya paa la nyumba vyatosha kumtambulisha. Changanyeni visa vingi. Na habari za tiba zisomwe na mganga au mkunga wa kituo chenu kabla ya mazoezi.

Andikeni mchezo wa dakika ishirini, si zaidi, kwa sentensi fupi zinazosikika bila kipaza sauti. Mkishamaliza onyesho la pili, pikipiki imekosekana na fedha hakuna, simamisheni mchezo. Waulizeni watazamaji: sasa tufanye nini? Mahali pamoja nilipohudhuria, mabishano yalikwenda hadi jua kuzama, na si juu ya mama mkwe hata kidogo. Walibishania ni nani awekewe fedha za nauli ya wajawazito, mwenyekiti au kina mama wenyewe. Kina mama walishinda. Onyesho la tatu halikuchezwa siku ile, giza lilikuwa limeingia.